Steringi Anayekufa Mapema: Niliyowaambia Vijana wa Maigizo Bukoba

Hii ni hotuba ya kufunga mafunzo yetu ya wiki mbili, niliitoa Jumamosi pale ukumbini. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu, maneno yamebaki kama yalivyotoka mdomoni, nimeruka tu pale umeme ulipokatika tukapoteza kama dakika tano watu wanacheka gizani.

Wazee wangu mlioko hapo mbele, shikamooni. Mwenyekiti wa mtaa ahsante sana kwa ukumbi. Wadogo zangu mambo vipi? Haya. Nimeambiwa niongee dakika 20 ila mnanijua mimi, kwahiyo anayetaka chai akachukue saa hizi, asije kunipita hapa mbele na kikombe katikati ya maneno.

Juzi nilikaa pale nyuma nawaangalia mkifanya odisheni za mazoezi. Kuna kijana mmoja, simtaji jina, yupo humu na anajijua, alipewa aigize muuza samaki. Kitu cha kwanza kaniuliza, mwalimu, mimi ndo steringi? Nikamwambia hapana bwana, wewe una mistari mitatu. Sura ikashuka hapo hapo, akaenda kuisema ile mistari mitatu kama mtu anasoma tokeni za luku. Nikamuuliza, umefika mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inaposhusha, wiki hii? Hajafika. Mwezi huu? Hajafika. Na mwalo upo hapo chini, ukitembea kwa miguu hata jasho halikutoki.

Basi nikaona ile hotuba niliyoiandaa ya soko la muvi mtandaoni niitupe, nije niwaongelee mtu mmoja tu. Forest Whitaker. Mnamjua? Hao wanaonyoosha mikono mmemuona kwenye Black Panther, yule mzee Zuri anayetunza lile ua linalompa nguvu mfalme. Wengine mmemuona kwenye mambo ya Star Wars, Saw Gerrera, yule mpiganaji anayepumulia mashine. Wazee hapa mbele wao wanamjua kwa sura nyingine, sura ambayo hapa Kagera hatuipendi, na huko tutafika, subirini.

Nyie mmekua na ule msemo wa kibanda umiza kwamba steringi hafi. Tulikuwa tunalipa hela tunajibana kwenye benchi, jasho, joto, mtu anatafsiri kwenye maiki, na hata risasi zikimwagwa kama mvua hatuna wasiwasi kwa sababu steringi hafi. Sasa Whitaker kazi yake kwa miaka mingi sana ilikuwa kufa, au kupita tu. Nenda kaangalie The Crying Game ya 1992. Anacheza askari wa Kiingereza anaitwa Jody, mshabiki wa kriketi, katekwa na IRA, wale wapiganaji waliotaka Waingereza watoke, kule Ireland ya Kaskazini, amefunikwa gunia kichwani. Gunia! Muigizaji unafunikwa sura, umebaki na sauti tu, na hapo hapo unatakiwa umfanye yule anayekulinda na bunduki akupende. Anamsimulia kile kisa cha nge na chura, anamwonyesha picha ya mpenzi wake, wanacheka. Alafu anakufa, na muvi bado mbichi kabisa. Ila kila kinachotokea baada ya hapo kinatokea kwa sababu yake, yule mlinzi anaenda mpaka London kumtafuta yule mpenzi kwenye picha, na wewe mtazamaji unaendelea kumwona Jody wakati hayupo. Wapo waliolalamika kwamba lafudhi yake ya Kiingereza cha London haikukaa sawa, na kweli kuna sehemu inayumba. Mimi sijali, yule mtu nilimlilia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Kazaliwa 1961 Longview, Texas, akalelewa Los Angeles, South Central na Carson. Muvi alikuwa anaziona drive-in, kwenye kiti cha nyuma cha gari la familia. Drive-in ni ile mnaingia na gari mnaangalia skrini kubwa ya nje, wazee mliokaa Dar mnaikumbuka ile ya Msasani. Kwahiyo nayo ilikuwa kama kibanda umiza tu, ila cha matairi. Akasoma sekondari ya Palisades, upande mwingine kabisa wa jiji, alikuwa anapanda basi kutoka kwao mpaka huko. Alikuwa mcheza futboli, ile yao ya kubeba mpira mkononi na helmeti, akapata udhamini wa chuo cha Cal Poly Pomona kwa ajili ya futboli. Mgongo ukaumia. Basi, futboli ikaishia hapo. Kwa wengi wetu hadithi ingekuwa imeishia hapo pia, ungemkuta kijiweni anasimulia angekuwa nani. Yeye akahamia kwenye muziki, tena sio bongofleva, ni uimbaji wa opera, sauti ya tenor, ile ya juu ya kiume, akaenda chuo kikuu cha USC, na huko huko akahamia maigizo.

Sasa angalieni mwili wake. Mtu mkubwa, mpana, anaongea polepole, na jicho la kushoto kope yake imelegea, ni kitu cha kurithi. Hapa ukumbini kuna dada wiki iliyopita aliniambia mwalimu mimi sina sura ya kamera. Dada yangu, ungemuona huyu jamaa mwaka 1982 ukaambiwa huyu atakuja kuitwa muigizaji bora wa dunia ungecheka. Mwaka huo ndo alitokea Fast Times at Ridgemont High, muvi ya vijana wa shule, kacheza staa wa futboli wa shule, maneno machache mno, kazi yake ni kuwa mkubwa na kutisha. Walimpa mwili wake, ndo walichokiona.

Alafu ikaja 1986. Hii sini nawaombeni mkaitafute hata kama hamtoangalia muvi nzima. The Color of Money ya Martin Scorsese. Steringi ni Paul Newman, mtu mzima, gwiji, anacheza Eddie ambaye ni mkongwe wa kula hela za watu kwenye pool. Anaingia kijana mmoja mnene, mpole, ana haya, anaitwa Amos. Anaongea ongea mambo ya chuo, anashika ile fimbo kama mtu anayebahatisha. Newman anamtazama anaona hapa nimepata wa kumla. Mpira unaingia. Mwingine unaingia. Dau linapanda, kijana bado yupo kwenye aibu zake, bado anapiga stori, na wewe unayeangalia huelewi ni saa ngapi upepo umegeuka, unashtukia tu mzee wa watu kaliwa hela zote na uso umemshuka. Anamuuliza kijana, wewe ni tapeli? Na Amos anamuuliza yeye swali, eti unadhani inabidi nipungue uzito kidogo?

Mnaona alichofanya? Ule mwili waliokuwa wanampa kama sare, yeye kaugeuza silaha. Anajua chumba kizima kinamdharau kwa ule unene na ule upole, na dharau yao ndo anaichezea pool. Ile sini haifiki dakika kumi. Newman ndo alipewa Oscar kwa muvi ile na alistahili, ila ukiwauliza watu wanaopenda uigizaji wanakumbuka nini pale, wengi watakutajia yule kijana mnene. Mistari michache. Sio steringi. Mwaka huo huo yumo kwenye Platoon, mwaka uliofuata yuko na Robin Williams kwenye Good Morning, Vietnam, pembeni tena, kijana wa redio ya jeshi anayehangaika kumlinda rafiki yake mkorofi.

Ndo Clint Eastwood akampa Charlie Parker. Muvi inaitwa Bird, 1988. Parker alikuwa mpiga saksafoni wa jazi, fundi wa mafundi, madawa na pombe vikamla, akafa 1955 ana miaka 34 tu. Sasa sikilizeni hapa maana hapa pana kitu. Sauti ya saksafoni mnayoisikia kwenye ile muvi ni ya Parker mwenyewe, walichukua rekodi za zamani wakaitenga sauti yake, wakawaweka wanamuziki wapya wapige kuizunguka. Yaani Whitaker hakuhitajika kutoa hata noti moja. Angeweza kuja seti akapuliza puliza mashavu, nani angejua? Lakini alienda kujifunza saksafoni, vidole vikae panapotakiwa, pumzi iingie inapoingia pumzi ya mpulizaji. Kwa sababu kamera haioni noti, inaona mtu anayejua na mtu asiyejua. Mwaka huo huo tamasha la Cannes kule Ufaransa likampa tuzo ya muigizaji bora wa kiume, ana miaka 26.

Mnafikiri baada ya hapo simu zililia usiku na mchana? Hamna. Alirudi kwenye kazi za kawaida, nyingine nzuri, nyingine za kuendesha familia. Alikaa nyuma ya kamera pia, 1995 akaongoza Waiting to Exhale, ya wanawake wanne, Whitney Houston na Angela Bassett wakiwemo, na ilifungua namba moja kwenye majumba ya sinema Marekani. Wadada mnaojua zile nyimbo zake mama zenu walikuwa wanazipiga Jumapili wakifagia. Na msidhani jamaa hakuboronga. Mwaka 2000 kaingia kwenye Battlefield Earth na John Travolta, muvi ya majitu ya sayari nyingine, mbaya, mbaya kabisa, ikazoa zile tuzo za kejeli wanazowapa muvi mbovu. Nimeiangalia mara moja nikajisikia kama nimekopwa masaa mawili na mtu asiyelipa madeni.

Mwaka mmoja tu kabla ya lile balaa alikuwa kafanya Ghost Dog ya Jim Jarmusch, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Jarmusch aliiandika ile nafasi akimfikiria yeye. Ni muuaji wa kukodiwa anaishi juu ya paa na njiwa zake, anafuata sheria za samurai wa zamani, rafiki yake mkubwa ni muuza aiskrimu kutoka Haiti ambaye anaongea Kifaransa tu. Huyu haelewi Kifaransa, yule haelewi Kiingereza. Na wanapiga stori kila siku! Mmoja anasema kitu, mwenzake anajibu kitu kile kile kwa lugha yake bila kujua kwamba mwenzie ndo kasema hicho hicho. Angalieni Whitaker anavyomsikiliza yule bwana. Anasikiliza mikono, anasikiliza nyusi. Nyie hapa wote mnaongea Kiswahili na mkiwa kwenye sini hakuna anayemsikiliza mwenzake, kila mtu anasubiri zamu yake kama tupo kwenye foleni ya benki.

Haya sasa, wazee wangu, tumefika kwa Idi Amin.

Mnanijua mimi ni mtoto wa huku. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka kuingia kwetu nilikuwa na miaka 6, namkumbuka mama kanishika mkono, mdogo wangu mgongoni, godoro kichwani kwa shangazi, tunatembea kuja upande huu. Daraja la Kyaka wakalilipua. Mwalimu Nyerere akasimama akasema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, na nia ya kumpiga tunayo, na baba mdogo wangu akaenda, wengine wa familia hawakurudi. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, jamaa akakimbia, akaja kufia Saudi Arabia 2003 kitandani kama mtu mwema. Kwahiyo niliposikia Wamarekani na Waingereza wametengeneza muvi ya Amin, The Last King of Scotland, imepigwa kule kule Uganda, kwa kweli nilikuwa na kinyongo kabla hata sijaiona. Nikasema hao watatuletea mchekeshaji au zimwi.

Nikaja kujua jinsi Whitaker, ambaye ndo kamcheza Amin, alivyoiandaa ile nafasi. Alikwenda Uganda mapema. Akawatafuta ndugu zake Amin, akaongea na waliokuwa mawaziri na majenerali wake, akasikiliza na walioumizwa. Akajifunza kupiga kodiani kwa sababu Amin alikuwa anapiga kodiani. Akaongeza mwili zaidi ya kilo 20. Na akajifunza Kiswahili.

Narudia, maana naona kuna mtu pale nyuma yupo kwenye simu. Mtu wa Texas na Los Angeles alikaa chini akajifunza Kiswahili. Sasa ukiiangalia ile muvi utasema mbona Kiswahili chenyewe kidogo, sehemu kubwa wanaongea Kiingereza? Ndo hapo nilipokaa nikafikiria sana. Amin aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946, kijana mdogo hana shule ya kueleweka, akakulia jeshini, na Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya lile jeshi, wenyewe walikiita KiKAR, Kiswahili cha amri, kifupi, cha kupiga kelele uwanjani. Hata 1973 ni yeye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa Uganda. Yule mtu Kiingereza chake kilikuwa kimepanda juu ya lugha nyingine. Kwahiyo Whitaker hakujifunza Kiswahili ili akiseme, alijifunza ili Kiingereza chake kijikwae pale kinapotakiwa kujikwaa! Sikilizeni anavyoongea mle, sentensi inaanza kama amri, inalegea katikati, inamalizikia kwenye kicheko, ule mpangilio sio wa Texas. Na wanasema hata kamera ikizimwa lafudhi haikuzimwa.

Kuna sini ya ng'ombe. Mwanzoni mwanzoni. Gari la Amin limegonga ng'ombe kijijini, Amin kaumia mkono, anaitwa yule daktari kijana kutoka Scotland, James McAvoy. Watu wamejaa, askari wanapiga kelele, ng'ombe yuko chini anakufa taratibu na analia, analia, analia. Daktari hawezi kufanya kazi na ule mlio, anachukua bastola, tena bastola ya Amin mwenyewe, anampiga ng'ombe. Kimya. Askari wote bunduki kwake. Na kamera inamgeukia Whitaker.

Hapo sasa. Hajasema kitu. Unaona usoni mtu anayeamua. Anaweza kumuua huyu kijana sasa hivi na hakuna wa kumuuliza, na anajua kwamba kila mtu pale anajua. Unaona hasira inapita, unaona anaipenda ile jeuri, unaona mtoto na unaona muuaji, vyote viko kwenye uso mmoja na hujui kipi kitatoka. Alafu anagundua kwamba kijana sio Mwingereza wa England bali Mskoti, anafurahi kama kapewa zawadi, wanabadilishana nguo palepale, anampa kijana shati lake la kijenerali naye anachukua fulana iliyoandikwa Scotland. Watu wanacheka. Na wewe umecheka. Na ndo umekamatwa hivyo, kama daktari mwenyewe.

Baba mdogo nilimwekea ile DVD nyumbani kwake. Aliangalia kama robo saa, akasema zima. Nikamwambia baba mdogo vipi, wamekosea? Akakaa kimya muda, akasema, "Huyu mtu ananichekesha. Mimi sitaki anichekeshe." Akatoka nje kuvuta sigara yake. Mimi sijawahi kusikia uchambuzi wa uigizaji unaozidi huo, na nimesomea hii kitu.

Sio kwamba muvi yenyewe haina kasoro. Inamzunguka yule daktari mzungu ambaye ni wa kutungwa, Waganda waliokufa wanabaki kwa pembeni, na vita yetu sisi haimo kabisa, kana kwamba Amin alijiondoa mwenyewe. Nawaambia hivyo ili msije mkasema mwalimu kafundisha historia kwa muvi. Ila waigizaji wa Uganda wamo, Abby Mukiibi yumo, Stephen Rwangyezi wa kundi la ngoma la Ndere yumo, na wamesimama vizuri.

Tarehe 25 Februari 2007 wakamwita jukwaani Oscar. Kwenye orodha walikuwemo Leonardo DiCaprio, Will Smith, Ryan Gosling, na mzee Peter O'Toole. Alikuwa mtu mweusi wa nne kuchukua ile tuzo ya muigizaji bora wa kiume, baada ya Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx. Hesabuni, toka 1982 mpaka hapo ni miaka 25. Alitoa karatasi mfukoni, akasema kaandika kwa sababu alijua akishinda kichwa kitajaa. Akaanza na kile kiti cha nyuma cha gari, drive-in.

Na mnajua kilichokuwa kinaendelea wakati huo huo? Luninga. 2006 ile ile yumo kwenye The Shield, ni mpelelezi Kavanaugh anayewachunguza polisi wenzake, anatafuna bigijii muda wote, tabasamu, sauti ya upole, na jinsi wiki zinavyoenda ile bigijii inaanza kutafunwa kwa hasira mpaka unaona mtu anaoza mbele yako. Alafu yumo ER, tamthilia ya hospitali, fundi seremala Curtis Ames kaingia na kikohozi, akapata kiharusi, mkono ukafa. Seremala, mkono! Akamshtaki daktari. Wakamteua tuzo ya Emmy, ile ya luninga, kwa hiyo. Yaani mwaka mmoja dikteta, polisi na seremala, na hakuna mahali unamwona mmoja ndani ya mwingine. Kipindi hicho kuna watu walikuwa wanaona luninga ni ya walioshindwa sinema. Kama nyie mnavyoona video za simu ni za wasio na dili, eti mnasubiri muitwe.

Baada ya Oscar alicheza vitu vingi vya hovyo, niseme ukweli, kuna miaka kadhaa pale hata mimi mshabiki siwezi kukutajia majina. Alirudi kwa nguvu 2013 na The Butler, mhudumu wa Ikulu ya Marekani, kisa kilichotokana na Eugene Allen aliyetumikia marais nane. Sini nyingi kashika trei tu, kanyamaza, wakubwa wanaongelea hatma ya watu weusi na yeye anamimina chai. Muvi ilipata hela nyingi na Oscar hawakuiteua hata kwenye kitu kimoja. Na 2019 ndo akaanza Godfather of Harlem, tamthilia ya luninga, kacheza Bumpy Johnson, jambazi katoka gerezani anakuta mtaa wake umechukuliwa, humo ni steringi kweli kweli, steringi wa luninga ana miaka 58.

Ila cha 2013 ninachokipenda zaidi hakumo yeye usoni. Kuna kijana anaitwa Ryan Coogler, katoka chuo juzi, ana stori ya Oscar Grant, kijana aliyepigwa risasi na polisi kituo cha treni Oakland siku ya mwaka mpya 2009. Hana jina, hana hela. Whitaker akakaa naye, akasikiliza, kampuni yake ikaitengeneza, Fruitvale Station, ikashinda tuzo kubwa ya tamasha la muvi la Sundance. Miaka mitano mbele Coogler ndo kapewa Black Panther. Na akamwita mzee. Yule Zuri mliyenyooshea mikono pale mwanzo, ndo hivyo alivyopatikana. Na anakufa mle, si mmeona.

Mimi nilishawahi kulipwa nauli ya kurudi tu kwenye kazi ya wiki tatu, prodyuza simtaji, na alinipa mistari minne nikaicheza kwa kununa. Ile kazi hadi leo inaonyeshwa, watoto wangu wameiona, na ule mnuno wangu umo. Hela ningeshaila ikaisha.

Uganda hakuiacha. Toka 2012 ana taasisi yake, WPDI, inafanya kazi na vijana wa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini waliopitia vita. Na 2022 Cannes wakamwita tena wakampa Palme d'Or ya heshima, jina la tuzo yao kubwa, palepale walipompa ile ya saksafoni miaka 34 kabla.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Namalizia. Viti vyote visogezwe ukutani, tunafanya ile sini ya ng'ombe, watu watano watano, hakuna kuongea, atakayefungua mdomo anatoka. Wazee mkiweza bakini muangalie, mtatuambia nani amewachekesha bila ridhaa yenu.

Na wewe wa samaki, usijifiche nyuma ya dada. Kesho saa kumi na moja alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi, mimi nitakuwa nimeshafika mwaloni. Njoo na daftari, simu iache nyumbani, na vaa viatu ambavyo hutovilalamikia.